Inshallah Ishirini na Saba

Kisima chetu cha zamani, huko upande wa Diff, kilikuwa na zamu, na zamu ya maji kwetu ilikuwa kitu kizito. Ukoo huu asubuhi, ukoo ule adhuhuri, na ukikosa zamu yako unarudi nyuma kabisa kama mgeni, hata kama babu yako ndiye aliyekichimba kwa mikono. Nilikuwa na miaka kumi na mitano hivi. Sina hakika, kwa sababu sisi hatukuandikwa popote. Mama alisema nilizaliwa mwaka ambao mbuzi walizaa mapacha, na wallahi mbuzi huzaa mapacha miaka mingi. Siku hiyo nilikuwa nacheza shax. Kwa asiyeijua, unachora miraba mitatu mchangani, mmoja ndani ya mwingine, mwenzako anakuwa na mawe kumi na mawili, wewe una mavi makavu ya ngamia kumi na mawili, na kazi ni kupanga kete tatu kwenye mstari ili umnyang'anye mwenzako moja. Wakaniita: zamu yenu! Nikasema, nakuja. Wakaniita tena. Nikasema, nabakisha hii moja tu. Nilikuwa nashinda, na mtu anayeshinda masikio yake yako mbali. Zamu ikapita. Ngamia wetu walikaa siku mbili zaidi bila maji, na ndama mmoja hakufika ya pili. Baba alipokuja nilijikunja nikingojea fimbo. Hakunipiga. Alichuchumaa, akautazama mchezo muda mrefu kama mtu anayetaka kuucheza, kisha akachukua kete moja mkononi mwangu, akaifunga kwenye pindo la shuka lake, akaenda zake. Nikabaki na kumi na moja. Shax haichezeki na kumi na moja.

Nimeanza mbali, najua. Mke wangu husema nikiulizwa saa ngapi, naanza na jinsi jua lilivyoumbwa. Lakini sijapotea njia, ninazunguka tu kama lori linalokwepa matope.

Wiki tatu sasa tangu tumzike shemeji yangu, Haji Yarow, mfanyabiashara wa mifugo hapa Garissa, mtu aliyemwoa dada yangu, Mungu awarehemu wote wawili. Tulikuwa chini ya turubai, watu wanasoma, watu wanakunywa chai, na kama ilivyo kawaida watu wakaanza kumkumbuka marehemu. Mzee mmoja akasema: "Haji alikuwa na tabia moja ya ajabu. Mwanawe akimwomba jambo, anainuka. Hata kama ana kikombe mdomoni. Hakuwa anasema nitafanya. Anainuka." Watu wakacheka kidogo, cheko la msibani, la kufunika mdomo. Liban, huyo mwanawe, sasa ana ndevu na ana mtoto wa kike, akaniangalia kutoka upande wa pili. Mimi nikaangalia chai yangu. Chini ya lile turubai ni sisi wawili tu tuliojua Haji aliianza lini tabia hiyo, na kwamba ilitokana na kosa langu.

Watu wengine, mwaka wao wa kufunzwa huwajia wakiwa na magoti mapya. Wangu ulinikuta nina mvi na meno pungufu. Nilikuwa na darasa la tatu, na miaka kumi na tisa juu ya malori kati ya Garissa na Elwak, na Kiswahili changu nilikipata huko barabarani, matusi kwanza, heshima baadaye. Malori yaliponikataa, au mgongo wangu ulipoyakataa, nikasikia kuna daktari mwanamke ametoka Nairobi, mtu wa asili ya Bungoma, anatafuta mkalimani. Hakutaka kijana wa mjini. Alitaka mtu anayejua Kisomali cha malishoni, kwa sababu nusu ya vijana aliotaka kuwapima ni wa wafugaji waliokuja mjini juzi. Jina lake Daktari Nekesa. Mwembamba, mwenye kutembea haraka, na anakunywa chai bila sukari, jambo ambalo mke wangu alilihesabu kuwa ugonjwa.

Kazi yake ilikuwa hii. Kuna vijana wanacheza gemu kwenye skrini mpaka wanasahau kula, wanasahau shule, wanasahau kuoga. Uraibu, aliuita, neno hilo nililipata kwake. Alitaka kujua, ndani ya kichwa cha kijana kama huyo, ni tamaa iliyokuwa kubwa au ni breki iliyokuwa ndogo? Aliniwekea kidole hapa, juu ya paji la uso. "Breki ziko hapa mbele, Mzee Gedi. Na kwa binadamu yeyote ndizo zinazochelewa kukomaa. Kijana wa miaka kumi na sita ni kama gari jipya, injini imeshafungwa, breki fundi bado anazihangaikia." Mimi mtu wa malori, nikamwelewa siku ileile. Nikafikiria ule mteremko mmoja barabara ya Elwak, na nikawahurumia vijana wote duniani.

Hospitali moja hapa mjini ilikuwa imepata mashine ya sumaku, pipa kubwa jeupe ambalo mtu anaingizwa amelala, nalo linapiga picha za ubongo bila kumgusa. Chumba chake ndicho chumba pekee Garissa ambapo mtu aliomba blanketi adhuhuri. Kabla hujaingia unavua kila chuma: mshipi, saa, sarafu, pini. Mlio wake ni kama watu wanne wanaogonga ringi ya lori kwa nyundo. Kijana mmoja wa Elwak alitoka humo akaniambia kwa sauti ya chini, "Adeer," yaani ami, "kuna fundi amefungiwa ndani." Ukiwa umelala, unaona picha kwenye kioo kidogo juu ya macho: ukiona duara bonyeza, ukiona nyota usibonyeze. Maduara yanakuja mengi, mfululizo, mpaka kidole kinajiendea chenyewe, halafu ghafla nyota. Hapo ndipo breki inapoonekana. Nilimwomba Daktari anipime na mimi. Akanipima, akanipa picha. Nilibonyeza karibu nyota zote. Nikaipeleka picha nyumbani, mke wangu akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza huku na huku, akasema, "Kumbe uko! Miaka yote hii nilikuwa na shaka." Picha ile bado iko ukutani.

Baada ya maduara na nyota yalikuja maswali, ishirini na saba, nayo kijana aliyasikia masikioni akiwa ndani ya pipa. Yote ya namna moja: unataka kidogo leo, au kingi baadaye? Na haikuwa maneno matupu. Mwishoni swali moja lilichaguliwa, na kijana alipewa kweli alichojibu, leo au siku yake ikifika. Sauti ya maswali ilikuwa yangu. Tuliirekodi kwenye stoo ya mashuka, mablanketi yametundikwa kutani ili mwangwi usiingie, mimi nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, natoka jasho kama mpika maandazi. Daktari alinisomea kwa Kiswahili, mimi nikasema kwa Kisomali. "Usiongeze, usipunguze, Mzee," aliniambia. Sikuongeza. Wallahi nilijua sikuongeza. Nilisema: kilo mbili za sukari leo, au kilo tano baada ya mwezi mmoja, inshallah. Mbuzi mmoja leo, au mbuzi wawili mvua ikija, inshallah. Nilipomaliza akatabasamu, akasema, "Safi sana. Kesho tutaisikiliza, inshallah." Alikuwa amekaa kwetu miezi mitatu, ameshalizoea neno. Akamwita kijana mmoja msomi aisikilize sauti yangu na kuirudisha kwa Kiswahili kwa maandishi, ili kuhakikisha. Msomi akaandika yote ishirini na saba, sahihi kabisa, na neno lile hakuliandika hata mara moja. Nani anaandika pumzi?

Sasa Liban. Dada yangu alimzaa akiwa wa pekee, na alipofika miaka kumi na minne mama yake alikwenda Diff kuwasalimu watu wetu, akaugua siku mbili, akafa huko. Sisi hatuweki maiti. Alizikwa siku hiyohiyo kabla ya alasiri, na barabara ilikuwa imekatwa na maji, kwa hiyo Haji na mtoto hawakuwahi hata kuona udongo ukiwa mbichi. Miaka miwili ikapita. Liban akaanza kushinda mtaa wa Iftin, kwenye chumba cha mabati nyuma ya duka la viatu, ambako jamaa mmoja anayeitwa Bishar alikuwa na skrini nne na feni isiyo na kifuniko. Akitumwa chumvi, anapotelea huko. Akitumwa msikitini, anapitia huko. Shule ikamtoa. Alikuwa na macho mekundu na adabu nzuri, na adabu hiyo ndiyo iliyonitia hofu, kwa sababu mtoto mwenye hasira bado anataka kitu kwako. Mimi ndiye niliyempeleka kwa Daktari, na baba yake akatia kidole gumba kwenye karatasi za ruhusa. Akaingia kundi la kwanza, la wachezaji. Kundi la pili lingekuwa la wasiocheza, wapimwe baadaye.

Na hapa naungama, kwa sababu nimefika umri wa kuungama. Chumba cha chai pale hospitali kilitenganishwa na ofisi ya Daktari kwa ubao mwembamba. Siku moja nilikuwa nachovya mkate, nikamsikia anamwambia msaidizi wake, "Hili kundi la gemu, karibu kila swali wanachagua leo. Huyu kijana Liban hata mara moja hakuchagua baadaye." Msaidizi akapiga mluzi. Mimi nikaacha mkate. Daktari alishaniambia mara nyingi kwamba picha na majibu hayo ni ya kundi, hayamhukumu mtu mmoja, na kwamba ya chumba kile hayatoki nje. Lakini mimi nina ulimi wa barabarani. Mchana nilikuwa kwa Haji, kwenye sinia la tambi na nyama ya mbuzi, ndizi pembeni, na Haji akaniuliza kwa upole, mtu mkubwa yule, akiikunja tambi kwa vidole bila kuila: "Seedi," yaani shemeji, "umesikia lolote? Kichwa cha mtoto kimeoza?" Ningesema sijui. Nikasema, "Hakijaoza. Lakini hakina breki. Hawezi kungoja kitu. Mashine imeonyesha."

Haji akafuta mikono. Akaacha inzi washuke kwenye sinia. "Alhamdulillah," akasema mwishoni. "Angalau sasa najua ni ugonjwa." Na kwa sababu ni ugonjwa, akatafuta dawa. Nje kidogo ya Elwak kulikuwa na nyumba ya kurekebisha vijana, ua mrefu, madirisha ya nondo, na mnyororo kwa wale wanaotoroka. Nilikuwa nimepita pale mara nyingi na lori. Usiku hatukusimama, mchana tulisimama mara moja kuomba maji, na mkono uliotupitishia kopo chini ya geti ulikuwa wa mtoto. Haji akaniambia Alhamisi lori lake la mifugo linarudi Elwak tupu, Liban atapanda. Hakuyasema kwa ukali. Aliyasema kama mtu anayempeleka mwanawe kwa daktari wa meno.

Jumanne ya wiki hiyo ndiyo niliyosikia jambo la pili kupitia ubao uleule. Kundi la wasiocheza lilikuwa limekwisha kupimwa. Wanafunzi wa mbele darasani, vijana wa chuoni waliohifadhi nusu ya msahafu, watoto ambao hawajawahi kugusa gemu. Daktari alikuwa anazunguka ofisini, nasikia viatu. "Hawa nao wamechagua leo! Wote! Kwenye maduara na nyota wanatofautiana kidogo na wale wengine, sawa, lakini kwenye maswali ni kama mtu mmoja. Inawezekana vipi?" Na msaidizi wake, kijana wa mjini, akasema, "Labda watu wa huku ndivyo walivyo, Daktari. Hawana subira." Mkate nikauacha ndani ya chai. Sisi hatuna subira? Mtu anayengoja kisimani siku mbili?

Jioni nikamwita Liban kwangu. Mke wangu alipika anjera na maini, akaweka kibuyu cha maziwa ya ngamia, akatoka kwa makusudi. Mtoto alikula kama mtu anayesoma gazeti la jana. Nikamuuliza tu, bila hila, kwa neno ambalo kwetu mjomba na mpwa huitana, "Abti, yale maswali ndani ya pipa. Mbona hukuchagua baadaye hata moja? Kilo tano ni nyingi kuliko mbili."

Akaniangalia kwa mshangao wa kweli. "Abti, si ni wewe uliyesema inshallah?"

"Nilisema nini?"

"Kila moja. Baada ya mwezi, inshallah. Mvua ikija, inshallah." Akaiga sauti yangu, ile ya stoo, na akaipata vizuri mpaka nikaona aibu. "Sasa mimi nichague hiyo? Kwenye leo hukuweka inshallah, ukaweka kwenye baadaye tu. Kila mtu alijua. Tulitoka nje tukacheka: mzee ametuonya."

Nikaiacha anjera. Sisi tumefundishwa tangu tunajifunza kutembea kwamba kesho ina mwenyewe, na anayeitaja bila kumtaja mwenyewe amekosa adabu. Kinywa changu kilikuwa kimefanya hivyo peke yake, kama kile kidole kwenye nyota. Nikamwambia, "Lakini inshallah ni ahadi, mwanangu. Ni ahadi nzito kuliko zote."

"Kwako labda." Akageuza kipande cha anjera. "Aabo akisema inshallah mimi najua ni hapana. Nilimwomba anipeleke Diff kwenye kaburi la Hooyo. Akasema mvua ikiisha, inshallah. Ikaisha. Akasema baada ya Idi, inshallah. Nimehesabu Idi nne." Halafu akasema neno ambalo nimekaa nalo mpaka leo, na alilisema bila uchungu wowote, kama anaeleza njia. "Kule kwa Bishar nikibonyeza, kitu kinatokea. Hapo hapo. Ile mashine haina inshallah."

Nami nikasema kuhusu mimi, ndivyo wanavyofanya wazee. "Sasa nitamwambia nini Daktari? Nikirudia bila neno hilo nitakuwa nimekufuru."

Liban akafikiri. Kijana asiye na breki, huyo, akafikiri mpaka povu la maziwa likaisha. "Sema moja mwanzo, Abti. Moja kubwa, itoshe zote: yote utakayosikia ni kwa mapenzi ya Mungu, leo na baadaye. Halafu soma maswali yako matupu." Na hivyo ndivyo tulivyokuja kurekodi upya, na sheikh wangu nilipomuuliza alisema mtoto huyo ana akili kuliko mkalimani.

Jumatano asubuhi niliingia kwa Daktari na kofia mkononi. Nikamweleza. Akachukua spika, akaiwasha sauti yangu, akawa anakunja kidole kila neno likipita. Vidole vikaisha, akaanza upya, vikaisha tena. Akavua miwani. "Mimi nilidhani ni kama tafadhali," akasema.

"Tafadhali tunayo pia, Daktari, lakini haitoki kwa urahisi."

Akacheka mpaka akafuta macho, na sijui yote yalikuwa ya kucheka, kwa sababu miezi ya kazi ilikuwa imemwagika. Nikamwambia na lile la pili, kwamba nilimtolea Haji maneno ya ofisini. Hapo hakucheka. Nikangojea kufukuzwa. "Hilo ni baya zaidi, Mzee. Sauti naweza kurekodi tena." Akavaa miwani. "Lakini ungenyamaza, ningeandika kwamba vijana wa huku hawawezi kungoja. Wangeyasoma watu ambao hawajawahi kufika Garissa, na wangeamini. Nenda kamrudishie Haji mwanawe. Mwambie sina picha inayosema mtoto mmoja ni mgonjwa. Hata yako haikusema, na wewe ulibonyeza nyota zote."

Jumatano ni siku ya soko la mifugo. Nilimkuta Haji katikati ya vumbi na mlio wa ng'ombe, mkono wake umo ndani ya mkono wa mnunuzi chini ya shuka, wanazungumza bei kwa vidole bila wa nje kujua, kama tunavyofanya. Alipomalizana naye akanishika mimi, kwa mazoea tu, akaufunika mkono wangu kwa shuka lilelile. Na hivyo ndivyo nilivyomweleza, mkono wangu gizani. Nilipofika kwenye inshallah vidole vyake vilisimama. Nilipofika kwenye kaburi la Diff na zile Idi nne alinibana mpaka mifupa ikalia. Nje, usoni, hakuna aliyeona kitu. Wangefikiri tunagombania bei ya fahali.

"Mimi si mwongo, seedi," akasema.

"Najua."

"Kila nilipofikiria ile barabara, niliona nafika na mke wangu hayupo. Nikasema inshallah ili Mungu ndiye aamue, si mimi." Akauachia mkono wangu. "Wewe uliniambia mtoto hawezi kungoja. Ameningoja miaka miwili." Kisha akageuka akawapigia kelele wachungaji wake, nami sikujua ameamua nini. Lori la Elwak lilikuwa limeegeshwa pale pale, milango ya nyuma wazi, mtu analifagia.

Nikaenda Iftin, maana sikujua pa kwenda kwingine. Liban alikuwa kwa Bishar, amekaa juu ya kreti la soda, anacheza mpira wa skrini. Akanisogezea kreti na kunipa kidude cha pili bila kuuliza. Nilitaka kumwambia kuhusu Alhamisi, akimbie au afanye nini, nikajikuta nabonyeza tu. Mchezaji wangu alikimbia moja kwa moja kwa mashabiki akabaki anasukuma ukuta. "Abti, mpira uko huku," akasema, na kwa mara ya kwanza mwaka ule nikamsikia akicheka. Vijana wengine wakacheka pia. Halafu wakanyamaza kwa pamoja, feni peke yake ikaendelea.

Haji alikuwa mlangoni. Hakuwahi kukanyaga pale. Mlango ulikuwa mfupi, akainama, akaingia na bakora yake na vumbi lote la soko. Nikangojea fimbo, mimi mzee, nikajikunja kama zamani. Hakupiga mtu. Alichuchumaa kando ya mwanawe, akaitazama skrini muda mrefu.

"Nani anashinda?"

"Mimi," Liban akasema, macho mbele.

"Zimebaki ngapi?"

"Dakika kumi na mbili."

Haji akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa bei ya haki. "Gari dogo liko nje. Nimetia mafuta. Tunakwenda Diff, kwa mama yako."

Vidole vya Liban vikasimama. Akageuka, akamtazama baba yake mdomoni. Si machoni, mdomoni. Alikuwa anangojea neno. Na mimi nikalingojea, na nadhani hata Bishar. Likaja kweli, niliona midomo ya Haji ikianza kulitengeneza, kwa mazoea ya miaka sitini. Akaifunga. Akameza. Akashika bakora, akasimama, magoti yakalia.

"Bismillah," akasema. Neno hilo mtu halisemi mpaka mkono umeshafika kwenye chakula, au mguu umeshaingia garini.

Liban akaweka kidude chini, juu ya kreti, taratibu, kama yai. Hakubonyeza hata kile cha kusimamisha. Mpira ukaendelea bila yeye, watu wake wakasimama uwanjani wanangoja kuambiwa, na mashine ikawafunga bao. "Liban!" Bishar akaita. "Liban, dakika zako bado!" Lakini alikuwa ameshainama mlangoni nyuma ya baba yake, ameshatoka kwenye jua, na nje gari likaitika. Katika chumba kile hakurudi tena.